Faida ya Kufuga Bata Bukini

Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Baada ya mwaka wa neema huja mwaka wa uhaba. Basi yafaa mkulima awe na mfugo wa kumsaidia.

Chakula kikubwa cha bata bukini ni majani, kwa hiyo hupunguza kazi ya kupalilia chini ya mikarafuu mikubwa. Lakini miche michanga izungushiwe ua, maana huidonoa.

Dume mmoja huwatosha majike watatu au wanne. Mayai huatamiwa siku 28 hadi 30. Vifaranga wasinyeshewe mpaka waote manyoya. Wengi hufa kwa baridi ya mvua. Usiku wafungiwe bandani, wasiliwe na ngawa.

Anayeanza, na aanze na wachache.