Anayelipa bili ndiye atakayeniamulia?

*Mshauri, mimi ni mjane wa miaka 62, naishi Likoni. Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa uvimbe kichwani, na daktari ameniambia huenda nikakaa siku kadhaa bila fahamu. Kifungua mimba wangu yuko Doha. Ndiye anayelipa gharama zote, na amesema neno la mwisho ni lake. Moyo wangu uko kwa kitinda mimba, binti anayenipeleka kliniki, lakini shemeji zangu wanasema hawezi kumsemea mama na kakake yupo. Nifanyeje nisivunje nyumba?*
*Mama wa Likoni*

Dada yangu, pole kwa maradhi. Mwanao anastahili shukrani, na aambiwe kila shilingi yake imekwenda wapi. Kukuamulia ni jambo jingine.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa asiyeweza kutoa idhini atatolewa idhini hiyo na mtu aliyemteua mwenyewe kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka hayo na sheria au mahakama. Asipokuwepo mtu wa namna hiyo, ndipo huulizwa jamaa wa karibu. Ukienda bila karatasi umewaachia wanao na ami zao wabishane koridoni huku daktari ameshika fomu.

Basi mwandike binti yako, kama ataweza. Hapo ndipo nina wasiwasi. Kukusindikiza kliniki si sawa na kuwakabili ami zake na kuwaambia, "Mama hakutaka hivyo." Muulize leo: nikiwa kwenye mashine ya kupumulia na madaktari wamekata tamaa, utawajibu nini? Akilia, mwache alie, kisha umuulize tena. Akikujibu anachotaka yeye badala ya ulichomwambia wewe, tafuta mwingine, hata awe rafiki yako wa chama. Sheria haikudai undugu.

Barua yenyewe ni fupi: majina yenu, nambari za vitambulisho, simu yake, na kwamba ndiye atakayetoa idhini ya matibabu iwapo wewe hutaweza. Ongeza mtu wa pili, maana simu huzimika. Tia sahihi na tarehe. Mashahidi wawili wasio wanao watapunguza maneno. Nakala iingie kwenye faili lako hospitalini ukiiona kwa macho yako. Karatasi hiyo haigusi kiwanja wala akaunti ya benki, na hilo waambie shemeji zako mapema, kwani nashuku ndilo linalowakosesha usingizi. Na maadamu una fahamu zako, mwenye kauli ni wewe.

Mwanao mpigie wewe mwenyewe, usimtume dadake. Mwambie umemchagua aliye karibu na kitanda, na kwamba dadake atampigia kabla ya uamuzi wowote ikiwa muda upo. Atakasirika. Afadhali akukasirikie wewe, unayeweza kumjibu, kuliko kumgeuzia dadake hasira wakati hujitambui. Mpigie Ijumaa hii akiwa hayuko kazini, na barua uiandike kabla hujampigia.