Kuba, Mnara na Mwezi: Kipi cha Dini, Kipi cha Fundi?



Ndugu msomaji, swali la darasa letu safari hii ni la watu wa mwiko na pima-maji. Mwanafunzi Mwislamu anasomea ujenzi hapa Mbarara. Likizo akirudi Nakivale hufanya kibarua cha uashi apate ada ya muhula. Akiitwa kujenga nyumba ya ibada ya wasio Waislamu, aende? Na picha za lile hekalu la Wahindu la Abu Dhabi, ambazo zimezunguka sana kwenye simu, zimeongeza swali la pili: jengo likichanganya alama za dini nyingi, je, dini nazo zimechanganyika?

Tuanze na hekalu lenyewe. Lipo Abu Mureikha, karibu na barabara kuu iendayo Dubai, na lilifunguliwa tarehe 14 Februari 2024. Ardhi ilitolewa na mtawala Mwislamu, Sheikh Mohamed bin Zayed. Wenye hekalu husimulia kwa fahari kwamba msanifu mkuu alikuwa Mkatoliki, msimamizi wa mradi Kalasinga, na kampuni iliyojenga ni ya Waparsi. Minara yake ni saba, kwa hesabu ya falme saba za nchi ile. Mawe ya nje ni ya rangi ya waridi kutoka Rajasthan, ndani ni marumaru ya Italia, na nguzo zimebebana jiwe kwa jiwe bila nondo. Kwenye kuta wamechonga ngamia na kipanga wa Uarabuni, pamoja na visa vya Wamisri wa kale na watu wa Mesopotamia.

Mtu akiona hayo husema haraka: basi dini zote zimekuwa moja. Lakini ingia ndani kwa fikra. Chini ya ile minara saba mna vyumba vya miungu ya Kihindu, sanamu zake, na ibada zake. Ngamia wa ukutani hakumfanya Mhindu aswali, wala hakumwondolea sanamu. Wenyewe hawadai vingine. Sisi ndio tunaowasemea.

Linganisha na hekalu la Wabahai pale Kikaaya, Kampala, lililofunguliwa Januari 1961. Lina pande tisa na kuba kubwa, na kwa macho ya mpita njia halina alama ya kutisha: hakuna sanamu, hakuna mahubiri. Ndani husomwa maandiko ya dini mbalimbali. Kwa hiyo ukitaka kuona mahali ambapo mchanganyiko umeingia katika ibada yenyewe, ni hapo, ingawa kuta zake ni tupu. Kuta za Abu Dhabi zimejaa na ibada ni ya dini moja. Jicho peke yake halitoshi kutoa hukumu.

Na sisi je? Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina haukuwa na mnara. Bilal (R.A.) alikuwa akiadhini alfajiri juu ya nyumba ya mwanamke mmoja wa Bani Najjar, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko nyingine karibu na msikiti. Kibla cha kuchimbika ukutani kililetwa Madina zama za Walid bin Abdul-Malik, miaka mingi baadaye. Qubbat as-Sakhra ya Jerusalem, iliyojengwa mwaka 72 Hijria, ina pande nane na kuba kwa mtindo uliokuwa ukijulikana kwa Wakristo wa Rumi. Hata mwezi mwandamo tunaouweka juu ya bati Nakivale, ili Msomali na Mkongo mgeni wajue hapa ni msikitini, ulienea hasa kwa Waturuki wa Uthmaniya. Hakuna aliyesema misikiti hiyo imeingiwa na ukafiri. Umbo ni mali ya fundi. Ibada ina mwenyewe.

Ndiyo maana masahaba hawakupima kwa kuba. Bukhari ameweka kwamba Umar (R.A.) aliacha kuingia makanisani kwa sababu ya sanamu na picha zilizokuwemo, na kwamba Ibn Abbas (R.A.) aliswali kanisani isipokuwa lile lenye sanamu. Kilichotazamwa ni kinachoabudiwa ndani. Na Suratul Hajj, aya ya 40, inataja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti pale inapoeleza madhara yanayozuiwa watu wanapozuiliana. Kwa hiyo kuzipiga mawe au kuzichafua si ujasiri wa dini, hata kama kijana fulani kambini anadhani hivyo.

Sasa kibarua. Imam Shafi'i, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki twamfuata, ameandika katika al-Umm kwamba anachukia Mwislamu afanye uashi au useremala katika makanisa yao ya sala. Na wanazuoni wengi waliofuata wamekaza zaidi, wakasema haifai. Imam Abu Hanifa aliruhusu, kwa hoja kwamba ujira ni wa kazi ya kujenga, na kujenga kwenyewe si maasi. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye katika mambo ya namna hii. Basi asikutishe mtu kwamba umetoka katika dini, na asikudanganye mwingine kwamba jambo halina mjadala. Mimi naona anayeweza kupata kibarua kingine akitafute, na aliyebanwa na ada amwendee sheikh wake kabla ya kuchanganya saruji, si baada ya kulipwa.

Kuchonga sanamu ya kuabudiwa hakumo katika hitilafu hiyo. Hilo ni haramu kwa wote. Na shule, zahanati au choo kinachojengwa na kanisa kwa ajili ya wakimbizi wote si nyumba ya sala, hivyo maneno ya Imam Shafi'i hayakihusu. Kabla ya kukubali muulize msimamizi akuoneshe ramani: chumba hiki ni cha nini?