Dhamana ni Haki ya Nani?

Kabla sijaingia katika mada yangu nataka kwanza tusafishe maneno, maana katika chama chetu cha Kiswahili tumezoea kusema kwamba anayechanganya maneno huchanganya na mambo pia. Watu wengi hapa kwetu Mbooni, hata wazee wanaokijua Kiswahili vizuri, wakisikia fulani yuko ndani husema "amefungwa". Ukiuliza amefungwa miaka mingapi, unaambiwa kesi bado haijasikizwa. Basi huyo hajafungwa. Huyo ni mahabusu.

Mshukiwa ni mtu ambaye polisi wanamdhania kuwa ametenda kosa. Akisimamishwa kizimbani na kusomewa shtaka, anaitwa mshtakiwa. Akipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo, hapo ndipo tunaweza kumwita mfungwa. Mahabusu ni mshtakiwa anayengojea kesi yake akiwa amezuiliwa, na mahali anapozuiliwa panaitwa rumande. Neno mahabusu limetoka katika Kiarabu, na rumande tumelitoa kwa Mwingereza pamoja na jambo lenyewe. Mfungwa anajua siku yake ya kutoka na anaweza kuihesabu ukutani. Mahabusu hana cha kuhesabu, kwa sababu kesi huahirishwa, shahidi hakuja, faili haionekani, hakimu amehamishwa.

Sasa dhamana. Hii ni ahadi ya kwamba mshtakiwa akiachiliwa atarudi kortini siku atakayoitwa. Kwetu Kenya ahadi hiyo hutolewa kwa njia tatu. Ya kwanza ni pesa taslimu: unalipa, unapewa risiti, na kesi ikiisha (hata ukipatikana na hatia, mradi ulikuwa ukihudhuria) pesa zinarudishwa. Ya pili ni bondi yenye mdhamini, yaani mtu mwingine anaweka mali yake, kama vile hati ya shamba au kitabu cha gari, na kuapa kwamba ukitoroka yeye atalipa. Ya tatu ni bondi ya kujidhamini mwenyewe, ambapo unatia sahihi tu bila kuweka hata ndururu. Hii ya tatu wengi hawajawahi kuisikia, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inasemaje? Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla saa 24 hazijapita, au siku inayofuata ya mahakama kama saa hizo zimeishia wikendi au usiku. Ibara hiyo hiyo inampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana, kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kama kuna sababu nzito ya kumzuilia. Tena inaongeza kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, mtu asiwekwe rumande kwa ajili yake. Ibara ya 50 inasema kila mshtakiwa anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Kabla ya 2010 mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani mshtakiwa wa mauaji au wizi wa mabavu hakuwa na dhamana kabisa, hata kama ushahidi ulikuwa hafifu. Kwa hivyo katika karatasi tumepiga hatua.

Lakini karatasi ni moja na mfuko ni mwingine. Hebu nieleze kisa cha jirani yetu, ambaye jina lake sitalitaja, wala mji alikokuwa akifanya kazi.

Kijana huyu alikuwa mtu wa mjengo. Mwaka 2022, wakati ule wa kiangazi kikali ambapo mvua zilikuwa zimekosa misimu kadhaa mfululizo, alitoka hapa kwetu akaenda kutafuta kibarua mbali. Saruji ikapotea katika mjengo, mifuko minne. Akakamatwa yeye na mwenzake. Kortini walikana shtaka. Kiongozi wa mashtaka akasema ati washtakiwa hawana makao ya kudumu katika mji ule na wanaweza kutoroka. Hakimu akampa kila mmoja dhamana ya shilingi 30,000 pesa taslimu, au bondi ya shilingi 100,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho.

Makao ya kudumu! Mamake anakaa katika boma lile lile tangu aolewe. Baba yake amezikwa pale, na babu yake pia. Chifu anamjua, naibu wa chifu anamjua, kanisa linamjua, hata mbwa wa kwetu wanamjua. Lakini habari hizo zote zilikuwa huku milimani, na hakuna aliyeziuliza siku ile.

Mwenzake alikuwa na kaka mwenye duka. Pesa zikalipwa kesho yake, akaenda nyumbani. Shtaka ni moja, mifuko ni ile ile minne, ushahidi ni ule ule. Kilichotofautisha watu hawa wawili ni duka.

Mama yule akaanza kuzunguka. Nilimwona kwa macho yangu kila nikitoka shule jioni, akipita na bahasha ya kaki mkononi. Kwanza alifikiria hati ya shamba. Hapa ndipo nataka wenzangu wa Mbooni wasikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linatuhusu karibu nyumba zote. Hati ilikuwako, imetunzwa ndani ya sanduku la bati, lakini jina lililoandikwa ni la babu, aliyefariki zamani kabla sisi hatujazaliwa. Mirathi haikuwahi kufanywa kortini. Watoto wa mzee waligawana mashamba kwa kuonyeshana miti na makonge ya mpakani, kila mmoja akalima upande wake kwa amani, na karatasi ikabaki na jina la marehemu. Marehemu hawezi kumdhamini mtu. Mahakama hutaka mwenye hati aje mwenyewe na kitambulisho chake, hati ichunguzwe katika ofisi ya ardhi kama ni halali, na thamani ya shamba ijulikane. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ekari nne za matuta mazuri, yenye miembe na mbaazi, na mbele ya karani wa korti akawa hana kitu. Ni milima ngapi ya Mbooni iko katika majina ya watu waliokufa? Waulizeni wazazi wenu leo jioni.

Akaenda kwa mjomba mwenye gari. Mjomba akasema gari ni la mkopo, kitabu kiko benki. Sijui kama ilikuwa kweli. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Wiki zikapita. Huko rumande, kijana akapewa ushauri na mahabusu wenzake waliokaa sana: "Kubali makosa." Walimwambia kwamba akikubali, pengine atapewa faini ndogo au kazi ya kuhudumia jamii chini ya ile sheria ya 1998, aende nyumbani wiki hiyo hiyo. Akiendelea kukana, atangoja miezi. Msomaji, tafakari jambo hili. Mtu asiye na hatia anaonyeshwa mlango wa kutoka, na bei ya mlango huo ni kusema kwamba yeye ni mwizi. Halafu akija kuomba kazi na kutakiwa kuleta cheti cha polisi cha tabia njema, neno lile linamfuata maisha yake yote. Naamini hili ndilo dhara kubwa la dhamana ya pesa, kubwa kuliko hata chawa na msongamano. Inawafanya watu waseme uongo dhidi ya nafsi zao.

Tusidhani ni Kenya pekee. Huko Marekani, katika mji wa New York, kijana mmoja aliyeitwa Kalief Browder alikamatwa mwaka 2010 akidaiwa kuiba mkoba wa kubebea mgongoni. Alikuwa na miaka 16, umri wangu mimi ninayeandika. Dhamana yake iliwekwa dola 3,000 na jamaa zake hawakuwa nazo. Akakaa katika gereza la Rikers Island karibu miaka mitatu, muda mwingi wa hiyo akiwa peke yake katika chumba cha upweke. Alipoambiwa akubali makosa aende nyumbani, alikataa. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa bila kesi kusikizwa. Mwaka 2015 akajiua nyumbani kwao. Kisa chake kiliwatikisa watu wengi kule. Jimbo la New Jersey tangu 2017 limeacha karibu kabisa kutumia dhamana ya pesa, na Illinois, jimbo lenye mji wa Chicago, liliifuta kabisa Septemba 2023. Hakimu wa huko sasa anaulizwa swali moja tu: je, mtu huyu ni wa kuachiliwa au si wa kuachiliwa? Swali la ana pesa ngapi halimo.

Nilipoleta mada hii katika mjadala wa chama, mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu alinipinga kwa ukali, na alikuwa na sababu. Nyumba yao ilivunjwa usiku, mama yake akaumizwa, na mshukiwa akaonekana sokoni siku ya tatu akitembea kifua mbele. "Wewe unataka wote waachiliwe?" akaniuliza. Darasa likanyamaza. Nami sikuwa na jibu siku ile, lakini nimelipata baadaye. Mtu yule alitoka kwa nini? Alitoka kwa sababu alilipa. Hakuna aliyekaa chini kupima kama atawatisha mashahidi. Pesa ilipima badala ya hakimu, na pesa haijui kupima hatari. Ndiyo maana yule aliyewatia hofu watu alikuwa nje, na jirani yangu wa mifuko minne ya saruji alikuwa ndani. Kwa hiyo mimi na mwenzangu hatupingani kama tulivyodhani. Sote wawili tunalalamikia kipimo kimoja kibovu.

Kipimo kingine kipo, wala hatuhitaji kukiagiza ng'ambo. Mwezi wa Machi 2015, wakati Dakta Willy Mutunga akiwa Jaji Mkuu, Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki lilitoa mwongozo wa dhamana na bondi kwa polisi na mahakama. Mwongozo huo unataka hakimu atazame uzito wa shtaka, nguvu ya ushahidi, kama mshtakiwa aliwahi kutoroka, kama anaweza kuingilia mashahidi, usalama wa mlalamishi, na pia mshtakiwa ana mizizi gani katika jamii yake: familia, kazi, makao. Afisa wa probesheni anaweza kutumwa kijijini kuuliza, kisha alete ripoti. Hata sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ambayo asili yake ni ya wakati wa ukoloni, inasema kiasi cha dhamana kisipite kadiri, na inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kukipunguza. Mwaka 2020 korona ilipoingia na magereza yakaogopwa, maelfu ya waliokuwa ndani kwa makosa madogo waliachiliwa katika majuma machache. Kumbe inawezekana.

Hoja yangu basi ni kwamba bondi ya kujidhamini, pamoja na kuripoti kwa chifu kila wiki, iwe ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa makosa madogo yasiyo ya kuumiza watu, na pesa iwe ya mwisho. Kuna watakaosema watu watatoroka. Wachache watatoroka. Lakini mwenye boma, mama, na mbuzi tisa Mbooni atatorokea wapi? Na siku hizi kila mtu ana simu, karani anaweza kumkumbusha tarehe yake kwa ujumbe mfupi.

Hata hivyo, mpaka hapo tutakapofika, kuna maneno ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuyajua, kwa sababu aliye kizimbani bila wakili hakatazwi kuyasema mwenyewe. Anaweza kusema: "Mheshimiwa, kiasi hiki siwezi, naomba kipunguzwe," kisha aeleze kipato chake na anakokaa. Anaweza kuomba ripoti ya afisa wa probesheni. Anaweza kurudia ombi hilo tarehe nyingine kama mambo yamebadilika. Na akiwa kituoni kwa polisi, ajue kwamba bondi ya polisi haiuzwi, na pesa zozote za dhamana lazima ziandikiwe risiti. Kama ni mtoto, yaani chini ya miaka 18, Katiba katika ibara ya 53 inasema asizuiliwe ila iwe hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asichanganywe na watu wazima.

Jirani yetu aliyasema maneno hayo katika wiki ya kumi. Alifundishwa na mahabusu mwenzake, mwalimu mstaafu. Afisa wa probesheni akapiga simu kwa chifu wetu, ripoti ikaandikwa, na dhamana ikapunguzwa mpaka shilingi 10,000. Mama akampeleka fahali wake sokoni. Kiangazi kilikuwa kimemkausha mpaka mbavu zinahesabika, na sokoni kila mtu alikuwa akiuza, hakuna wa kununua. Alipewa shilingi 12,000. Kumi zikaenda kortini, na mbili zikaisha kwa nauli.

Kesi ilisikizwa mwaka uliofuata. Mlinzi wa mjengo, shahidi aliyetegemewa, alisema hakumwona mtu yeyote akibeba saruji. Hakimu akaona hakuna kesi ya kujibu, akamwachilia. Mama alikuwa ameihifadhi risiti ndani ya Biblia yake ya Kikamba, akaipeleka, na baada ya safari tatu akarudishiwa shilingi 10,000 zake zote, hazikupungua hata moja. Wakati huo mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zimeota, na fahali wa kadiri ya yule wake alikuwa akiuzwa shilingi 32,000.