SOMO LA MWEZI: PIKIPIKI YA KIKUNDI NA LESENI YA DEREVA



Siku hizi vijijini karibu kila kazi inategemea gurudumu. Maziwa huenda na pikipiki, mbolea huja na pikapu, mama mja mzito hukimbizwa hospitali usiku kwa boda boda. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, boda boda zimefika hata kule ambako matatu haifiki. Vikundi vingi vimenunua pikipiki kwa pesa za mzunguko, ili kijana apate kazi na kikundi kipate mapato. Ni jambo jema. Lakini je, tumeuliza ni nani tunayempa ufunguo?

Watu husema ajali haina kinga. Barabarani msemo huu unatudanganya. Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Wengi wao walikuwa wakitembea kwa miguu au wamepanda pikipiki, yaani watu kama sisi.

Leseni maana yake nini?

Leseni si risiti ya kuonyesha polisi. Ni ushahidi kwamba mtu amefunzwa, amejaribiwa, na amepita. Anayetaka leseni huanza kwa leseni ya mwanafunzi, huenda shule ya udereva, kisha hufanya mtihani wa NTSA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Huulizwa alama za barabarani, huonyesha njia kwa vigari vidogo juu ya ubao, halafu huendesha mwenyewe.

Kila chombo kina daraja lake. Mwenye leseni ya gari dogo hana ruhusa ya kubeba abiria kwa pikipiki. Boda boda ina daraja lake, A3.

Wako wanaopata leseni kwa kutoa kitu kidogo. Huyo amenunua kadi, hakununua ujuzi. Tazama hesabu hii: chombo kikienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde kinakata mita 14 hivi. Kikienda 80, ni mita 22. Mtoto akiruka barabarani, na dereva achelewe sekunde moja tu kushika breki, tayari chombo kimefika. Kadi ya kununua haitasimamisha pikipiki.

Mwenye chombo naye ana mzigo

Sheria ya Trafiki inamkataza mwenye chombo kumruhusu mtu asiye na leseni akiendeshe. Kwa hiyo ajali ikitokea, kesi haimhusu kijana peke yake. Kikundi nacho kitaulizwa. Hata kampuni ya bima inaweza kukataa kugharamia hasara, na akiba ya miaka mingi ikaishia kwa fidia na hospitali.

Sheria pia inataka abiria mmoja tu, na helmeti na jaketi la kung'aa kwa dereva na abiria. Helmeti si mapambo. Utafiti umeonyesha inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Biblia nayo, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo pembeni mwa dari, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Leseni na helmeti ndizo ukuta wetu.

Je, kila safari ni ya lazima?

Tuseme mwanakikundi analipa shilingi 100 kwenda sokoni na 100 kurudi, mara mbili kwa wiki. Hiyo ni shilingi 400 kwa wiki, na 20,800 kwa mwaka. Wanakikundi 20 ni shilingi 416,000! Tukinunua mbegu pamoja, tukipeleka mazao kwa safari moja, tukiweka duka la kikundi karibu, tutabaki na pesa na tutapunguza hatari. Kupunguza safari hakuondoi haja ya dereva mzuri. Mgonjwa wa usiku bado atamhitaji.

Hatua za kuchukua

1. Ombeni leseni yenyewe, si picha. Linganisheni na kitambulisho. Angalieni daraja na tarehe ya kwisha.
2. Kijana akiwa hana leseni, kikundi kimkopeshe karo ya shule ya udereva, alipe kidogo kidogo. Asibebe abiria kabla ya kupita.
3. Nunueni helmeti mbili pamoja na pikipiki, si baadaye.
4. Msimpangie kiasi cha pesa cha kuleta kila siku ambacho kitamlazimisha kukimbia.

Maswali ya kujadili

- Katika kijiji chetu, ni madereva wangapi tunaowajua wana leseni ya daraja lao?
- Tukikuta watu watatu kwa pikipiki moja, sisi hufanya nini?
- Ni safari gani tunaweza kuunganisha mwezi huu?

Katibu aandike mtakayokubaliana, na mkutano ujao muulizane ni nini kimefanyika. Mungu awalinde njiani, nanyi mlindane.