LEHEMU YA ROJO: MOSHI NA RISASI NI HATARI MBILI

Mwanafunzi aonapo moshi ukipanda kutoka kwenye bodi ya saketi inayolehemiwa, aghalabu hudhani kwamba anavuta mvuke wa risasi. Dhana hiyo si sahihi, tena ina madhara: humfanya ajihadhari na moshi peke yake na kuvisahau vidole vyake.

Lehemu ya rojo ni mchanganyiko wa unga wa metali na flaksi. Takriban asilimia 90 ya uzito wake ni metali. Aina moja ya kawaida ni aloi ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, ambayo huyeyuka katika nyuzi 183 za sentigredi. Flaksi, ambayo mara nyingi hutokana na utomvu wa misonobari, huondoa oksidi juu ya metali ili lehemu ishike. Rojo hupakwa mahali pa kuungia, vipuri vidogo huwekwa juu yake, kisha bodi nzima hupashwa moto katika oveni ndogo ya umeme.

Moshi hutoka wapi?

Risasi huchemka katika nyuzi 1,749. Kazi hii haizidi nyuzi 220 hivi, na katika joto hilo mvuke wa risasi ni mdogo mno. Moshi unaoonekana hutoka kwenye flaksi. Hata hivyo, moshi huo si salama. Moshi wa utomvu wa misonobari huweza kuleta pumu, na mtu aliyekwisha kuathirika huweza kushikwa tena hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo oveni iwekwe karibu na dirisha lililo wazi, na feni iupeleke moshi nje, mbali na nyuso za watu.

Risasi huingiaje mwilini?

Huingia hasa kwa kinywa. Waya wa lehemu ni mgumu, lakini rojo hunata vidoleni, na chembe zake huwa ndogo mno: katika aina moja ya kawaida zina kipenyo cha mikromita 25 hadi 45. Kutoka vidoleni huhamia kwenye kalamu, kwenye andazi na kwenye nguo, hata zikafika nyumbani kwa wadogo zake mwanafunzi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayekua, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kanuni za maabara

1. Vaa glavu. Usile, usinywe, wala usiguse uso wakati wa kazi.
2. Kazi ikiisha, vua glavu na unawe mikono kwa sabuni na maji. Spiriti ya kusafishia mikono haiondoi risasi.
3. Oveni iliyotumiwa kulehemu isipikiwe chakula tena kamwe. Jokofu la kuhifadhia rojo nalo lisiwekwe chakula.
4. Kopo likitoka kwenye jokofu liachwe saa kadhaa kabla ya kufunguliwa. Likifunguliwa likiwa baridi, unyevu wa hewa huingia katika rojo, na ukipata moto hurusha matone ya lehemu.
5. Pasha bodi hadi nyuzi 150, ikae hapo dakika moja hadi mbili, kisha ifikishwe nyuzi 210 hadi 220 kwa muda mfupi. Usiisogeze mpaka lehemu igande.
6. Mabaki na karatasi za kufutia vitiwe katika kopo lenye kifuniko na maandishi, visimwagwe katika sinki.

Je, lehemu isiyo na risasi inatosha?

Tangu tarehe 1 Julai, 2006, Umoja wa Ulaya umezuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki. Aloi ya bati, fedha na shaba, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 217, hutumika badala yake. Inapopatikana, ndiyo ifaayo shuleni. Lakini aloi hiyo huziba njia moja tu. Flaksi bado imo, na moto unaohitajika ni mkali zaidi. Kwa hiyo dirisha libaki wazi.

Zoezi

Chukua chembe ya mviringo yenye kipenyo cha mikromita 30, na msongamano wa gramu 8.4 kwa kila sentimita ya ujazo. Miligramu moja ya unga huo ina chembe ngapi? (Jibu: takriban 8,400.) Eleza kwa nini kidole kinachoonekana kisafi huenda si kisafi.