Tarehe ya Mkebe na Tarehe ya Gunia



Unapokwenda dukani kununua mbegu ya mahindi, kwanza hugeuza mfuko ukatafuta tarehe. Ukiona mbegu ni ya zamani huichukui, hata mwenye duka akikupunguzia bei, kwa kuwa wajua haitaota vizuri. Lakini mtu yuyo huyo, siku ya soko hapa Moi's Bridge, hununua mkebe wa maziwa ya unga kwa nusu ya bei wala asiutazame. Shamba amelilinda, tumbo la mtoto hakulilinda. Kwa hiyo somo letu la mwezi huu ni juu ya tarehe za chakula: zina maana gani, na chakula kilichopita tarehe kinunuliwe au kisinunuliwe, kiliwe au kitupwe.

1. Tarehe zasema nini?

Kwenye mikebe na pakiti nyingi utaona herufi chache kando ya tarehe. MFG ni siku chakula kilipotengenezwa. BB ni siku ambayo mpaka hapo mtengenezaji anaahidi kwamba chakula kitakuwa na ladha na harufu yake njema. Siku hiyo ikipita, utamu waweza kupungua, lakini si lazima chakula kiwe na madhara. EXP ni mwisho wa muda wake. Siku hiyo ikipita, chakula hicho kisiuzwe wala kisiliwe.

Ahadi ya mtengenezaji ina masharti. Aliahidi juu ya pakiti iliyofungwa, iliyowekwa kama alivyoagiza. Maziwa ya pakiti ya kukaa muda mrefu yaweza kudumu miezi kadhaa yakiwa yamefungwa. Ukiisha kuifungua pakiti, tarehe ile haina kazi tena. Kama huna friji, yatumie siku ile ile.

2. Kununua ni swali moja, kula ni jingine

Dukani au sokoni, usinunue chakula kilichopita tarehe, iwe BB au EXP. Sababu ni kwamba hujui kilikaa wapi: juani, nyuma ya lori, au katika ghala linalovuja. Tazama pia kama tarehe imekwanguliwa au imebandikwa karatasi nyingine juu yake. Sheria ya Kenya, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa na binadamu, na inakataza pia kibandiko cha udanganyifu. Ukiona mambo hayo, mwarifu Afisa wa Afya ya Umma aliye karibu nawe. Wahenga walisema rahisi ni ghali: shilingi ulizookoa kwenye mkebe hazitatosha hata nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali Kitale.

Lakini kilichomo nyumbani mwako, ulichokinunua kikiwa kizuri na kukiweka wewe mwenyewe, chaweza kupimwa kwa akili:

(a) Chumvi, sukari, majani ya chai, mchele na tambi vilivyopita BB vyaweza kuliwa kama ni vikavu, havina wadudu wala ukungu.

(b) Mkebe uliopita BB waweza kutumika ukiwa mzima. Mkebe uliovimba, unaovuja, ulioliwa na kutu, au uliobonyea penye mshono, utupe hata kama tarehe yake haijafika. Usiuonje. Ndani yake yaweza kuwamo sumu isiyo na harufu wala rangi.

(c) Maziwa ya watoto wachanga, maziwa mabichi ya pakiti, nyama, samaki na soseji vikipita mwisho wa muda wake, vitupwe bila shauri. Watoto wadogo, mama wajawazito, wazee na wagonjwa ndio wanaodhurika upesi zaidi.

3. Pua na sufuria havitoshi

Wengine husema, "Nitanusa, na nikitia shaka nitachemsha sana." Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini baadhi ya sumu ambazo vijidudu na ukungu wamekwisha kuzitoa hazifi kwa moto wa jikoni. Mfano mkubwa ni sumu ya ukungu wa mahindi na njugu, iitwayo sumukuvu au aflatoksini. Ugali uliopikwa ukaiva vizuri waweza kuwa nayo.

Mwaka 2004, katika nchi ya Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa kabla hayajakauka. Sumu hiyo huharibu ini. Ikiliwa nyingi huua upesi, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka yaweza kuleta saratani ya ini.

Tena mnamo Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi wa pakiti. Kosa halikuwa tarehe. Sumukuvu ilikuwa imezidi kiasi kinachoruhusiwa na sheria, ambacho ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Basi tarehe njema haiwezi kuusafisha unga uliotoka katika mahindi mabaya. Na mahindi hutoka kwetu sisi wakulima.

4. Gunia lako halina tarehe

Hakuna kiwanda kitakachopiga chapa ghala lako. Kazi hiyo ni yako. Fanya hivi:

Kwanza, anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, na uyafunike mvua ikitisha.

Pili, pima ukavu. Tia mahindi kidogo pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu yenye kifuniko. Itikise, kisha iache kama dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, basi anika tena. Isipogandama, bado zidi kukausha kidogo, kwani Bodi ya Nafaka (NCPB) haipokei mahindi yaliyopita asilimia 13.5.

Tatu, chagua punje zilizooza na zenye ukungu, uzitoe. Usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita ndani ya maziwa ikarudi kwa watoto wako. Kuku nao wasipewe. Usizipeleke kwenye pombe ya busaa, maana kuchachusha hakuiondoi sumu yote. Zizike mbali na kisima.

Nne, panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Andika kwa rangi kwenye kila gunia mwezi na mwaka wa mavuno. Gunia la zamani litumike kwanza, na kila mwezi fungua moja ukalitazame.

Tano, usimuuzie mwenzako gunia ambalo wewe mwenyewe hungelipikia watoto wako.

Maswali ya kujipima

1. BB na EXP zina tofauti gani?
2. Kwa nini chumvi iliyopita BB nyumbani mwako yaweza kuliwa, lakini haifai kuinunua sokoni?
3. Mkebe umevimba, na tarehe yake ni ya mwaka ujao. Utafanya nini?
4. Kwa nini punje zenye ukungu hazifai hata kwa ng'ombe?

Msomee jirani asiyejua kusoma, na kabla ya siku ya soko ijayo fungueni ghala zenu pamoja mkatazame magunia.