Gamu, Mtoto wa Mtaani na Nyumba Aliyotoka

Katika somo hili tunaongea juu ya gamu, ile gundi ya fundi viatu ambayo watoto wa mitaani huko Nairobi, Kisumu na Eldoret hubeba mdomoni ndani ya kichupa cha plastiki. Wengi wetu tukimwona mtoto kama huyo tunashika mkoba vizuri na kuvuka barabara. Tunamwita chokoraa, basi.

Hesabu ya serikali ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini Kenya, Nairobi peke yake 15,337. Sio wote ni watoto, na sio wote wanaovuta.

Kwa nini mtoto avute? Ukimwuliza atakwambia ni njaa, baridi na woga wa usiku. Gamu nyingi zina kemikali iitwayo toluini. Mvuke wake hupita mapafuni na kufika kwenye ubongo upesi sana, na kwa dakika chache mtoto hasikii tumbo likiuma wala baridi ya saruji. Ikiisha, anavuta tena. Akiendelea hivyo kwa miaka, anaanza kusahau, mikono inatetemeka, hata kutembea sawasawa kunamshinda. Ini na figo huumia. Moyo nao unaweza kusimama ghafula, hata kwa anayevuta mara ya kwanza. (Siku hizi wako wanaovuta mafuta ya ndege pia. Hayo nayo ni sumu.)

Gundi yenyewe ni halali, fundi anaihitaji kwa kazi yake. Kwa hivyo tusiwaachie askari jambo hili.

Tuje nyumbani sasa. Wengi wa watoto hawa sio yatima kama tunavyodhani. Wana mama, nyanya au mjomba aliye hai. Walitoka kwa sababu ya sufuria tupu, viboko, pombe ya baba, au baada ya mama kufariki wakaonekana mzigo. Karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, lakini mtoto asiye na yunifomu bado anaona haya kwenda darasani.

Kumrudisha kwa nguvu hakufai. Kwanza mzazi atembelewe, na lile lililomfukuza mtoto lizungumzwe waziwazi, hata kama ni aibu. Akirudi, wiki za kwanza ni ngumu: halali usingizi, ana hasira, pengine ataiba. Mama asishangae, na asichukue fimbo. Ampe chakula kwa saa zake, amlaze karibu na ndugu zake, na kama anatetemeka au kuanguka ampeleke zahanati.

Kwenye kikundi chenu, jadilianeni: ni nyumba gani kijijini petu ambayo mtoto wake amekwenda mjini na hakuna anayemtaja? Nani ataitembelea wiki hii? Na mtoto anayepigwa au kuteswa, mtu yeyote anaweza kupiga simu 116 bila malipo.